Sifa za mhusika na gunia la uvunguni

Swali la riwaya likiuliza jinsi imani ya mhusika inavyobadilika, madarasa mengi ya Mtwara na Lindi hujibu swali jingine. Zinaletwa sifa tatu: jasiri, mwenye msimamo, mpenda maendeleo. Kila sifa na mfano wake, basi. Walimu wanaofundisha hivyo wana sababu, na tutazifikia. Lakini wale wanaomtaka mwanafunzi aifuate imani sura kwa sura, maneno ya mwandishi yakiwa mkononi, wanasingiziwa kwamba wanaigeuza fasihi kuwa kesi ya mahakamani, na wachache huwapa nafasi ya kujieleza.

Sifa na imani ni vitu viwili. Sifa ni neno. Imani ni sentensi nzima ambayo mtu mwingine anaweza kuikataa. "Ana msimamo" haikataliki, kwa hiyo haisemi kitu. "Mnunuzi wa kangomba ana utu kuliko ushirika" inakatalika, na kwa sababu hiyo inaweza kubadilika. (Kangomba ni biashara ya magendo ya kununua korosho kwa mkulima nje ya ushirika.) Mwanafunzi asiyeiandika imani ya mhusika kwa namna hiyo hana cha kufuatilia, hata akinukuu ukurasa mzima.

Tutunge mhusika tuione kazi yenyewe. Bi Somoe ni mjane wa Tandahimba, ana mikorosho ya urithi. Katika sura ya 2 mjukuu anatakiwa shuleni na sare, korosho bado ziko mbali, na mnunuzi wa kangomba anamkabidhi fedha kwa mavuno ambayo hayajaonekana mtini. Mwanawe, karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, anapomlaumu, anamjibu: "Ushirika una ofisi, huyu ana huruma." Sura ya 5 ni siku ya kulipa deni: bakuli la mnunuzi linajazwa hadi korosho zinamwagika pembeni, na zilizomwagika hazihesabiwi. Usiku, peke yake, anasema, "Eti huruma." Sura ya 7 anamwambia jirani yake kisimani, "Kumbe huruma nayo ina bakuli lake." Sura ya 9 anapeleka magunia mawili ghalani kupitia ushirika, malipo yaje baadaye, na kurudi na stakabadhi, ameifunga kwenye pindo la kanga. Gunia la tatu limebaki uvunguni.

Wengi wangenukuu ile sentensi ya sura ya 2 kwa kuwa ni ndefu na ina ladha. Ushahidi wa mabadiliko, hata hivyo, umelala kwenye maneno mawili yanayorukwa kila siku: eti na kumbe. "Eti" humrudisha mtu kwenye maneno yaliyokwisha kusemwa huku akijitenga nayo. Hapa Bi Somoe anajitenga na maneno yake mwenyewe. Hajaamini jipya bado, ila la zamani limepata ufa. "Kumbe" ni zaidi ya hapo. Anayesema kumbe anakiri kwamba kabla ya sasa alidhani vingine; neno moja linabeba imani mbili, ya jana na ya leo. Kati ya eti ya sura ya 5 na kumbe ya sura ya 7 kuna hatua inayoweza kuoneshwa kwa kidole, na orodha ya sifa haina mahali pa kuiweka. Ni kweli kumbe hutumika pia kwa kejeli. Ndiyo maana lazima kutazama inasemwa kwa nani: kwa jirani kisimani, bila mtu wa kumfurahisha, au mbele ya mnunuzi mwenyewe.

Suala hilo la nani anasikia ndilo linaloangusha majibu mengi. Tuseme katika sura ya 4 mwanawe anamsihi tena ajiunge na ushirika, naye anajibu, "Haya baba, nimesikia." Mwanafunzi mwenye haraka anaruka: hapa amebadilika! Hapana. Hiyo ni adabu ya kufunga mazungumzo, na kila aliyelelewa na bibi anaijua. Kukubali mbele ya mtu ni ushahidi dhaifu. Kusema ukiwa peke yako kuna nguvu zaidi, na kitendo chenye gharama kinapita vyote viwili. Kosa linalokaribiana na hilo ni kumpa mhusika maneno ya msimulizi. Msimulizi akiandika kwamba wakulima walikuwa wamefumbwa macho, huyo ni msimulizi. Bi Somoe hajasema hivyo.

Kuna mtego mwingine, wa kwetu hasa. Mwanafunzi wa Newala au Ruangwa anaijua korosho kuliko mwandishi. Anajua mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia Mtwara mwaka 2007, na amesikia nyumbani kwamba mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Basi anaandika kwamba Bi Somoe alibadilika kwa sababu ya bei. Riwaya haikusema popote. Maarifa hayo yanamsaidia kuelewa kwa nini kumwagika kwa korosho ni jambo zito, lakini hayawezi kusimama mahali pa ushahidi.

Wanaotetea sifa tatu nao wasikilizwe. Kitabu kimoja hupita mikono mingi. Wapo wanafunzi wanaoanza na Kimakonde, Kimwera au Kiyao nyumbani, na orodha fupi huwapa pa kushika. Msahihishaji mwenye rundo la karatasi anahitaji hoja zinazoonekana upesi. Zipo pia riwaya ambazo msimulizi anatamka wazi kwamba tangu siku fulani mtu aliacha kuamini jambo fulani. Kuchimbua zaidi hapo ni kujisumbua. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba chumba cha mtihani hakina kitabu, muda ni saa 3 kwa karatasi nzima, na nukuu hazikaririki.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayopinduka kirahisi. "Eti huruma" ni maneno mawili. Nani atashindwa kuyakumbuka? Kinachoshinda ni nukuu za mistari minne ambazo hazihitajiki. Daftari lenye safu nne linatosha: sura na ukurasa, maneno yenyewe, yasizidi kumi, nani anamwambia nani, na anachoamini wakati huo, kwa sentensi moja. Mhusika mmoja anahitaji mistari mitano hivi, mmoja kati yake ukiwa ni ushahidi unaopingana na hoja yako. Kitabu kikiwa kimoja kwa wanafunzi watano, kila mmoja achukue sura zake kisha wasomeane. Mstari wa sura ya mwisho ujazwe mwisho kweli. Anayeanza na hatima husoma kinyumenyume, na kila neno la mwanzo humwonekea kuwa dalili. Wakati wa kuandika, nukuu ifuatwe na sentensi inayotaja ni neno gani linalofanya kazi. Bila sentensi hiyo msomaji anaachiwa nukuu aihangaikie mwenyewe.

Turudi sura ya 9. Kwa mwenye sifa tatu, Bi Somoe sasa ni "mpenda maendeleo" na jibu limekwisha. Mwenye daftari anakwama kwenye gunia lile, na kukwama kwake ndiyo faida. Magunia mawili ghalani yanaonesha kwamba haamini tena huruma ya kangomba. La uvunguni linaonesha kwamba hajaamini bado kuwa ushirika utamlipa kabla sare ya mjukuu haijachanika. Hizo ni imani mbili, na ni moja tu iliyokwisha kubadilika. Anayeandika kwamba amebadilika kabisa, na anayeandika kwamba hajabadilika, wote wawili watalazimika kuinama wachungulie chini ya kitanda.