Lenzi kwanza, kamera baadaye

Siku hizi anayeonyesha kifaa cha zamani cha kupigia picha alichonunua huanza na jina: lenzi ya Helios 44-2 au Super-Takumar, kamera ya Canon AE-1. Jina likishatajwa sifa zinamiminika, na picha ya kifaa chenyewe kikiwa juu ya meza ya mbao inapendwa kuliko picha yoyote iliyopigwa nacho. Swali la maana huulizwa na wachache: ukikimulika kwa tochi, ndani kuna nini?

Msimamo wangu ni kwamba pesa ya kwanza iende kwenye lenzi, si kwenye kamera. Lenzi ni vioo, chuma na grisi. Ikiwa mbovu, ubovu wake uko wazi kwa anayejua kutazama. Kamera ni springi, mapazia yanayofungua na kufunga njia ya mwanga, gia na nyaya, nayo ina tabia ya kuficha ugonjwa mpaka filamu isafishwe. Wakati huo muuzaji hapokei tena simu.

Ukaguzi wa lenzi hauchukui hata dakika tano. Ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la mwanga (lile linalopanuka na kusinyaa ndani ya lenzi) hadi mwisho, kisha washa tochi ya simu nyuma ya lenzi huku unatazama kutoka mbele. Usiilenge tochi moja kwa moja kwenye jicho, iegeshe pembeni kidogo ili mwanga ukatize kioo kwa mshazari. Vumbi litaonekana kama nyota chache, na halina neno, kwa kuwa kila lenzi ya miaka 50 inalo. Kinachotisha ni nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui kutoka ukingoni, yaani kuvu. Kikiwa kidogo na kiko kwenye kioo cha mbele au cha nyuma, fundi anaweza kukifuta. Kikikaa muda mrefu hula tabaka jembamba la kinga lililopakwa juu ya kioo, na hapo hata ukikifuta alama inabaki. Weupe uliotanda sawasawa kama pumzi kwenye kioo ni ukungu, mara nyingi mvuke wa grisi uliotulia ndani. Huu ndio unaoua picha zaidi, kwa sababu unapunguza ukolevu wa picha nzima. Halafu kuna vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na gundi ikaanza kuachia: utaona duara lenye rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo. Hiyo iache. Kuitengeneza ni ghali kuliko kununua lenzi nyingine.

Mkwaruzo wa mbele huwaogopesha watu bure. Mkwaruzo wa nyuma, hata ukiwa mdogo, ndio wa kuangaliwa.

Kisha zungusha pete ya tundu la mwanga na utazame vile vibati vyembamba vinavyojikunja kulifunga. Vikiwa na mafuta, athari inategemea aina ya lenzi. Helios 44-2 haina pini ya kufunga tundu, wewe mwenyewe unalifunga kwa pete, kwa hiyo mafuta kidogo hayaizuii kufanya kazi. Super-Takumar ina pini na springi: ikifungwa kwenye kamera yake, vibati vinatakiwa kujifunga papo hapo shata, yaani yale mapazia ya kamera, inapofyatuka. Vikichelewa, mwanga unazidi na picha inapauka. Ibonyeze pini kwa kidole mara kumi, uone kama vibati vinarudi haraka kila mara.

Kuhusu adapta, yaani pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine, hesabu ni moja tu: umbali kutoka sehemu lenzi inapokaa hadi kwenye filamu, au kwenye kihisi cha kamera ya dijitali. Lenzi za kukaza kwa hesi ya M42, kama Helios 44-2 na Super-Takumar, zinahitaji milimita 45.46. Kamera za Sony E zina 18, kwa hiyo adapta inajaza 27.46 zinazobaki. Canon EF ina 44, adapta nyembamba inatosha. Nikon F ina 46.5, tayari umezidi, na bila adapta yenye kioo ndani lenzi haitafikisha fokasi mbali kabisa. Adapta za bei rahisi mara nyingi ni fupi kidogo kuliko inavyopaswa, hivyo fokasi ya mbali inakuja kabla pete haijafika alama ya ∞. Hilo linavumilika. Adapta ikiwa ndefu mno, milima ya mbali haitaonekana kali kamwe.

Super-Takumar 50mm f/1.4 ya vioo saba ina thoriamu, metali yenye mnunurisho, katika kioo chake, na umri huifanya iwe ya njano kama chai. Si ubovu. Taa ya mwanga wa urujuanimno kwa siku kadhaa huirudisha kwenye weupe. Ukitumia jua, funika upande mmoja kwa karatasi ya alumini na usiiache bila mtu: lenzi ni kioo cha kuwashia moto.

Bado unataka kamera? Basi anza na isiyotegemea betri kufyatua. Pentax K1000 inapiga kasi zote bila betri, mita ya kupimia mwanga tu ndiyo inayoihitaji. Canon AE-1 bila betri yake ya volti 6 ni jiwe. Olympus OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Ukitia ya volti 1.5, mita inadhani mwanga ni mwingi na picha zinakuwa giza. Betri za zinki na hewa za vifaa vya kusikia, zenye volti takriban 1.4, zinakaribia zaidi.

Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma wa kamera hizi karibu zote zimegeuka lami. Zikwangue kwa kijiti cha mbao kilicholowa spiriti, huku umefunika mapazia kwa karatasi, kisha bandika mpya za milimita 1.5 hadi 2. Kioo cha kuakisi kilicho ndani ya kamera usikiguse: rangi yake ya fedha iko juu, inatoka kwa kitambaa tu.

Mwisho jaribu kasi ya 1/1000 ya sekunde. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga na ufyatue ukitazama kwa nyuma. Mapazia yakienda sawa utaona mstatili mzima ukimeta. Upande mmoja ukibaki mweusi, pazia la pili linalifikia la kwanza kabla halijamaliza safari, na hiyo ni kazi ya fundi kabla ya kutia filamu.