Daraja la meno: anza kwa kuyaangalia meno ya jirani

Gego la kwanza la chini huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulichukulia kuwa nalo ni la utotoni, kwa hiyo likianza kutoboka huachwa, na huishia kuwa miongoni mwa meno ya kwanza kung'olewa. Mtu mzima mwenye pengo hilo ana njia nne: aliache wazi, avae jino la kuvua, awekewe daraja, au apandikizwe skrubu ya titani kwenye mfupa wa taya. Mabishano mengi huwa juu ya hizo mbili za mwisho. Daraja linaitwa la kizamani, kipandikizi kinaitwa cha wenye pesa. Tunaona mabishano hayo yanaruka jambo linalopaswa kutangulia, nalo ni hali ya meno mawili yanayopakana na pengo.

Daraja la kawaida ni kitu kimoja chenye sehemu tatu: kofia mbili zinazovikwa kwenye meno ya nguzo, yaani yale mawili yanayopakana na pengo, na jino bandia lililoungwa katikati yake, likikaa juu ya ufizi. Ili kofia zipate nafasi, nguzo lazima zichongwe. Kaure iliyo juu ya chuma huhitaji takriban milimita 1.5 pembeni na hadi 2 upande wa kutafunia. Zirkonia, kauri ngumu isiyohitaji chuma chini yake, huridhika na 1 hadi 1.5. Kuta za kisiki, yaani jino lililokwisha kuchongwa, huachwa ziinamiane kidogo sana kuelekea juu. Zikiinamiana mno, au kisiki cha gego kikibaki kifupi kuliko milimita 4, kofia haina pa kushika na saruji ya meno inayoigandisha huachia mapema. Tena nguzo zote mbili lazima zielekee upande mmoja, la sivyo daraja haliingii. Pengo la miaka mingi huleta taabu hapo: gego la nyuma linakuwa limeshalala kuelekea pengoni, na kulinyoosha kwa kuchonga hula jino hadi karibu na neva.

Kinachoondoka si kidogo. Watafiti Edelhoff na Sorensen walipima meno kwa uzito kabla na baada ya kuchongwa, na matokeo yao ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa kofia kamili huondoa asilimia 63 hadi 72 ya sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi. Kwa jino ambalo halijawahi kutoboka, hiyo ni hasara isiyorudi, maana enameli, tabaka gumu la nje la jino, haioti tena. Lakini jino lililozibwa sehemu kubwa, au lililotibiwa mzizi na kupasuka ukuta mmoja, lilikuwa linahitaji kofia hata kama pembeni yake pasingekuwa na pengo. Nguzo zikiwa za namna hiyo, daraja huziba pengo kwa kazi ambayo meno hayo yangefanyiwa vyovyote vile, na hoja ya kwamba "linaharibu meno mazima" inakosa uzito.

Wanaolitetea daraja wana takwimu za kusimamia. Tan na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2004 wakakadiria kuwa baada ya miaka 10 karibu asilimia 89 ya madaraja ya kawaida bado yako kinywani. Yasiyopata tatizo lolote kwa muda wote huo ni kama asilimia 71. Karibu nguzo 1 kati ya 10 hufa neva, na idadi inayokaribiana na hiyo huoza. Ukiongeza kwamba daraja halihitaji upasuaji, halidai mfupa mnene, na humalizika kwa majuma mawili au matatu, unaelewa kwa nini mgonjwa wa kisukari kisichotulia au mvutaji sigara sugu hushauriwa kulifikiria kwanza.

Tatizo la daraja ni namna linavyoshindwa. Mara nyingi huanza kwa saruji kuachia kwenye nguzo moja huku nyingine ikiwa bado imeshika. Daraja halitoki, mgonjwa hajui lolote, na kila anapotafuna mate yenye bakteria yanasukumwa chini ya kofia iliyolegea. Ikiwa jino hilo lilitibiwa mzizi, halina neva ya kumwonya. Dalili zake ni harufu isiyoisha kwa mswaki na ladha mbaya inayotoka akibonyeza upande huo. Daktari hulowesha ukingo wa kofia kwa maji, kisha hulisukuma daraja juu na chini kwa kidole. Vipovu vikitokea ukingoni, saruji imeachia. Likigunduliwa mapema hutolewa, likasafishwa na kurudishwa. Likiachwa, siku moja linatoka lenyewe likiwa na kisiki kilichooza ndani yake, na pengo la jino moja limekuwa la mawili.

Urefu nao una hesabu yake. Kupinda kwa daraja huongezeka kwa mchemraba wa urefu wa sehemu isiyo na nguzo: meno bandia mawili hupinda mara 8 ya moja, matatu mara 27. Kaure haivumilii kupinda, hupasuka. Kuvusha meno manne ya mbele ya juu kutoka chonge hadi chonge kunakubalika kwa sababu chonge zina mizizi mirefu; kuvusha magego matatu kwa nguzo mbili dhaifu hakukubaliki, hata mgonjwa akisisitiza.

Kwa meno ya mbele kuna daraja jingine ambalo hatuoni likitajwa inavyostahili: la bawa, linalogandishwa kwa gundi nyuma ya jino la jirani bila kulichonga, au kwa kulikwangua kidogo tu. Zamani liliwekewa mabawa mawili. Uchunguzi wa Kern na Sasse wa mwaka 2011 kuhusu madaraja ya kauri uliona kuwa baada ya miaka 10 yaliyoendelea kutumika yalikuwa karibu asilimia 94 kwa bawa moja, na 74 kwa mabawa mawili. Meno mawili husogea kila moja kivyake wakati wa kutafuna, na mabawa yanayoyafunga pamoja hupata mkazo hadi yakakatika au yakabanduka.

Daraja hili lina maana ya pekee kwa Wamaasai waliong'olewa kimila meno mawili ya mbele ya chini. Meno yaliyobaki pembeni ni membamba. Kuyachonga kwa kofia kamili ni kuyamaliza, wakati bawa moja kila upande, kila moja na jino lake bandia, huyaacha salama. Ila Arusha, Kilimanjaro na ukanda wa Nakuru kuna maji yenye floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Enameli iliyobadilika rangi kwa floridi hailainiki kirahisi kwa asidi ya kuandalia gundi. Daktari asipoikwangua juujuu au kuiongezea asidi muda, bawa hubanduka mapema.

Kipandikizi kina sifa kubwa moja: kikishindwa, meno ya jirani hayajaguswa. Kwa nguzo mbili nzima, mwenye mfupa wa kutosha na uwezo wa kulipa, tungekipendelea bila kusita. Bado kinadai miezi ya kusubiri, ufizi wake huweza kuugua na kula mfupa, na skrubu ikilegea baada ya miaka hukazwa kwa bisibisi ya kampuni iliyokitengeneza. Omba kadi yenye jina la kampuni na kipimo cha kipandikizi, uitunze.

Kuacha pengo wazi nako si uzembe siku zote. Paulo Sarita na wenzake walichunguza watu wazima Tanzania, wakaonyesha mwaka 2003 kuwa mwenye magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana hutafuna vya kutosha. Gego la nyuma kabisa likitoka, hakuna haja ya kukimbilia daraja linaloning'inia kwa nguzo ya upande mmoja.

Anayeamua daraja aanze na eksirei ya kila nguzo hadi ncha ya mzizi, pamoja na kipimo cha neva kama iko hai. Baada ya kung'oa asubiri miezi mitatu hivi, avae jino la kuvua kwa muda huo. Ufizi hunywea zaidi katika kipindi hicho, na daraja lililowahishwa huachiwa uwazi chini yake ambamo chakula hukaa. Rangi ichaguliwe kabla jino halijakauka chini ya taa, maana jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Siku ya kujaribisha, kabla ya saruji, daktari apitishe uzi wa meno wenye ncha ngumu chini ya jino bandia, kisha mgonjwa mwenyewe aupitishe mbele ya kioo. Uzi usipopita, daraja lirudi maabara.