Namba ya siri anayo nani?

Mezani kwa wakala wa pesa, tuseme Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, mteja asiyeona anampa wakala simu yake, anataja tarakimu nne kwa sauti, na wakala anabonyeza. Foleni nzima imesikia. Wakala akiwa mwaminifu muamala unapita, mteja anazipima noti kwa vidole na kuondoka zake. Hakuna anayegeuka kutazama. Nyumbani wakisimuliwa watasema: ndiyo maana tulitaka simu akae nayo kaka yake.

Kwenye karatasi jambo hili, la nani aamue kuhusu pesa za mtu mwenye ulemavu, lilikwisha zamani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 12 ya mkataba inasema mtu mwenye ulemavu ana hadhi ya kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha, na inataja waziwazi kumiliki mali, kurithi, kusimamia fedha zake mwenyewe na kupata mikopo ya benki. Serikali inatakiwa impatie msaada wa kuitumia hadhi hiyo, na iweke kinga ili msaada usigeuke unyonyaji. Sheria ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Vizuri. Ila mshahara huo unaingia kwenye akaunti, na kadi ya akaunti hiyo mara nyingine anayo shemeji.

Wanaotetea ndugu kushika uamuzi wana hoja, tena nzito. Jiji hili limejaa matapeli wa simu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewaliza wasomi wenye macho mawili, sembuse mtu anayemtegemea mpita njia amsomee meseji. Halafu hasara haimwangukii mmoja. Laki tatu za mtaji zikipotea, atakayemlisha aliyezipoteza ni familia ileile, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hata akiwa mwema vipi, hana mfuko wa kumfidia. Zaidi ya hapo kuna mama aliyemlea mtoto mwenye ulemavu wa akili kwa miaka 25. Anajua akikasirika anafanyaje, anajua nani mtaani humlaghai kwa soda. Kumwambia mama huyu kwamba anakiuka haki za binadamu ni kumtukana, na wanaharakati wengine wanalifanya hilo kwa wepesi mno.

Upande wa pili nao unauliza jambo ambalo watetezi wa familia huliruka. Mwalimu anayeona akitapeliwa tunampa pole na kumfundisha asirudie. Asiyeona akitapeliwa tunamnyang'anya simu. Kosa ni lilelile, adhabu mbili. Tena anayeijua namba ya siri ndiye mwizi pekee asiyehitaji ujanja: hatumi ujumbe wa uongo wala habahatishi. Pesa zikiondoka kwa mkono wake, kumbukumbu za mtandao zitaonyesha namba sahihi imetumika, na malalamiko yataishia hapo, kwa sababu kila kampuni ya simu humwambia mteja kwamba siri ni jukumu lake. Kumkabidhi ndugu namba ili kukwepa utapeli ni kubadilisha hatari isiyo na sura kwa hatari yenye sura, ambayo kuishitaki maana yake ni kuvunja ukoo.

Kabla ya kusema mtu hawezi, inafaa kuangalia kinachomkwamisha ni nini hasa. Kwenye kitochi, kinundu kilicho juu ya 5 kinatosha kuongoza vidole, na mtu asiyeona hubonyeza tarakimu haraka kuliko wengi wetu. Anakwama kwenye menyu. Menyu za nyota-150, zile za pesa zinazofunguka kwa kupiga nyota na namba, haziongei, zinaandika. Anayezitumia kila siku huzikariri kwa mpangilio: ya kutuma ni ya ngapi, kisha namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha siri. Siku kampuni ikipanga orodha upya ili huduma yake mpya ikae juu, kila alichokariri kimekuwa mtego. Akisita, menyu inakatika yenyewe, asijue kama imekatika kabla ya pesa kuondoka au baada. Na lile jina la mpokeaji linalotokea kabla ya kuthibitisha, kinga tunayoitegemea wote, kwake ni kama halipo.

Simu janja yenye kisoma skrini hupunguza shida, lakini ina masharti yake. Sehemu ya kuandikia kwenye menyu za nyota mara nyingi haifichi tarakimu, hivyo simu huisoma namba ya siri kwa sauti, moja baada ya nyingine. Hedifoni ivaliwe kabla ya kupiga nyota ya kwanza, si baada ya kufika kwenye siri. Programu ya kampuni ni afadhali kuliko menyu iwapo mtengenezaji amevipa vitufe majina. Asipovipa, mtumiaji atasikia "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka achoke. Kuvipa majina ni kazi ndogo kwa fundi wa programu, na kampuni ikiulizwa na wateja wengi itaifanya.

Tumeona jambo kama hilo barabarani. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni, sakafu ya kituo ilijengwa usawa na sakafu ya basi. Anayetumia kiti cha magurudumu akaweza kupanda bila kubebwa na makonda wawili kama mzigo wa nazi. Dereva akisimama mbali na ukingo, magurudumu madogo ya mbele hunasa kwenye pengo, na saa za msongamano hakuna kiti kinachopenya. Kasoro hizo ni za kweli. Hata hivyo penye usawa ule, swali la "nani atakubeba" halikutatuliwa kwa kumpa msaidizi bora, lilikufa.

Kwenye pesa bado liko hai, na wakati mwingine linaanzia kwenye laini yenyewe. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Ambaye vidole vyake havisomeki, kwa sababu ya ukoma, ajali au kuzaliwa hivyo, akifika kwa msajili wa chini ya mwavuli ataambiwa aje na ndugu. Laini inasajiliwa kwa jina la mdogo wake na maisha yanaendelea. Mpaka namba ya siri isahaulike, ndipo inagundulika kwamba anayeweza kuibadilisha ni mwenye kitambulisho. Wakigombana, mdogo mtu anaifunga laini kihalali kabisa. Akifariki, salio linaingia kwenye mirathi ya mtu ambaye hakuwahi kuweka shilingi humo. Anayekabiliwa na hali hii asikubali njia ya mkato: aende duka kubwa la kampuni na kitambulisho chake, aulizie utaratibu wa asiyesomeka vidole, na akikataliwa adai kujua sababu.

Mahali ambapo nchi imelipata jibu karibu na sahihi ni kwenye kituturi, kile kibanda cha kupigia kura. Mpiga kura asiyeona anayejua nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, hupewa jalada maalumu: karatasi ya kura inaingia ndani, anasoma kwa vidole, anaweka alama mwenyewe. Asiyejua nukta nundu, na hao ni wengi, maana mtu akipoteza macho ukubwani kwa kisukari au presha ya macho hana haraka ya kujifunza maandishi mapya, anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini. Msimamizi wa kituo hamchagulii. Msaidizi yupo, lakini ameteuliwa na anayesaidiwa, kwa tendo moja, na uchaguzi ujao anaweza kuja mwingine.

Uchambuzi huu unaegemea hapo. Ubaya hauko kwenye kusaidiwa. Uko kwenye msaidizi ambaye hakuchaguliwa na hawezi kubadilishwa. Hospitalini tunaliona kwa viziwi. Binti kiziwi anaingia kwa daktari na mama yake, mama anatafsiri kwa ishara za nyumbani, na daktari anamwuliza mama: anatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Binti hatajibu kweli hata angekuwa anasikia. Kumpa kalamu si jibu la kutegemea, kwa kuwa Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na viziwi wengi Kiswahili cha maandishi kwao ni lugha ya pili. Anahitaji mkalimani aliyemkubali, akae pembeni ya daktari ili binti awaone wote wawili, na daktari amtazame mgonjwa anapouliza. Mkalimani ni gharama, ndiyo, na zahanati haina bajeti yake. Lakini miadi inaweza kupangwa ili wagonjwa watatu viziwi waje asubuhi moja na mkalimani mmoja.

Mikopo ya halmashauri ina tatizo la sura nyingine. Tangu sheria ya 2018, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kwa kawaida njia yake ni kikundi: katiba, akaunti, andiko la mradi, muhtasari wa kikao, kisha safari za kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi humlinda dhaifu, wanachama wakidhaminiana. Pia humlazimisha fundi cherehani na muuza mkaa wakubaliane kufuga kuku kwa sababu andiko la kuku hupita. Mtu anayejua biashara yake anahitaji kupimwa kwa biashara hiyo. Halmashauri ikiona anastahili kikundi tu, basi imemwona kama ulemavu wake.

Kesi ngumu kuliko zote imebaki kwa yule mama wa miaka 25. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina busara ambayo haisemwi sana: uwezo wa kuingia mkataba hupimwa kwa mtu kulielewa jambo na athari zake kwa maslahi yake wakati anapoamua. Haupimwi kwa cheti cha hospitali. Maana yake mtu anaweza kuwa na uwezo wa kununua viatu na asiwe na uwezo wa kuweka nyumba rehani. Njia moja ambayo familia inaweza kuijaribu ni laini mbili. Akiba iko kwenye ya mama. Ya pili imesajiliwa kwa jina la kijana mwenyewe, siri anaijua yeye peke yake, na kila Jumatatu inaingizwa kiasi ambacho kikipotea chote hakuna atakayelala njaa, tuseme elfu ishirini. Kabla ya matumizi makubwa mama anamweleza kwa sentensi fupi, kisha anamwomba amweleze yeye alichoelewa. Akishindwa, anarudia kwa maneno mengine badala ya kuamua.

Jaribio hili huharibika kwa njia mbili. Jirani mkopaji akigundua siku ya Jumatatu, atakuja Jumatatu. Au mama mwenyewe, akiona pesa zimekwisha Jumatano kwa chipsi mayai na vocha, anaongeza kimyakimya, na kijana anajifunza kwamba pesa haziishi. Zikiisha, ziachwe zimeisha mpaka Jumatatu nyingine. Akiba bado iko kwa mama.