Ukienda Kyela, achana na chipsi kuku

Kuna kitu kinaniuma jamani ngoja nikiseme. Siku hizi watu wa Dar tunasafiri sana, picha za Matema, ule ufukwe wa Kyela kwenye Ziwa Nyasa, zimejaa kwenye simu za kila mtu, ziwa la bluu na milima ya Livingstone kwa nyuma, lakini muulize huyo mtu huko alikula nini, atakwambia chipsi kuku. Yani umekaa kwenye basi siku nzima, umepita Mikumi, umepanda Kitonga, umefika karibu na mpaka wa Malawi halafu unaagiza kile kile unachokula kila siku pale kituoni kwenu!

Kwangu mimi barabara ya kutoka Uyole pale Mbeya kushuka Tukuyu mpaka Kyela ndio safari bora ya chakula Tanzania bara, na najua watu wa Moshi na Bukoba watanijia juu, mtori naupenda na senene nakula, ila kwenye hili sirudi nyuma. Ndani ya kilomita zisizofika 150 unatoka kwenye baridi ya juu ya mita 2,000 unashuka hadi kwenye joto la Ziwa Nyasa, chini ya mita 500, na kila unaposhuka kidogo chungu cha watu kinabadilika na ukichungulia dirishani unaona kabisa kwa nini kimebadilika. Sehemu gani nyingine inakupa hivyo kwa nusu siku?

Juu kule Isyonje, pale njia panda ya kwenda Kitulo, watu wamevaa makoti mchana na barabarani ni magunia ya viazi mviringo, kabichi na karoti. Ukishuka unaingia kwenye mashamba ya chai, Mlima Rungwe uko pembeni kama haujafunikwa na mawingu, na mara nyingi umefunikwa maana maeneo yale yanapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hiyo mvua ndio imeleta migomba. Tukuyu mgomba uko mpaka mlangoni kwa mtu, chini yake kahawa, juu yake parachichi, na ndizi pale ni chakula chenyewe, sio kitu cha kusindikizia nyama choma.

Sasa hapa ndio pa kushuka kwenye gari. Usikimbilie hoteli, zunguka nyuma ya soko kwa mama lishe, msalimie vizuri, umuulize leo amepika nini. Mimi niliwekewa ndizi na maharage mabichi, yale yanayotolewa kwenye maganda asubuhi hiyo hiyo, hakuna nazi, hakuna binzari, ni kitunguu, chumvi na mafuta kidogo basi, na ile ndizi ilikuwa laini halafu ina utamu wake yenyewe. Nikamuuliza mama mbona hujaweka nazi, akanishangaa, akasema ndizi ya leo unaiwekea nazi ya nini. Nimeliwaza sana hilo jibu. Ndizi inayofika Dar imekaa kwenye lori na sokoni siku kadhaa, lazima tuipambe kwa nazi na viungo ili iwe na ladha, hatukosei, lakini tumeshazoea mpaka tunadhani huko ndiko kupika ndizi. Toka siku hiyo nikipata ndizi mbichi iliyokatwa karibuni sigusi nazi kabisa, na nyumbani wanamaliza sufuria.

Ndio maana nasema mazao yanasafiri ila mapishi hayasafiri. Viazi vya Mbeya tunavyo Dar, parachichi la Rungwe lipo mpaka Ulaya, mchele wa Kyela kila duka linasema linao (na kwakweli kila mchele unaonukia kidogo mjini unauzwa kwa jina la Kyela). Mkono unaovipika umebaki kule kule, ukiutaka inabidi uufuate.

Kyela yenyewe ni dunia nyingine. Joto, tambarare, mpunga, michikichi, na kakao imeanikwa nje ya nyumba za watu, kakao nyingi ya nchi hii inatoka pale. Wali wa pale ule na samaki wa ziwani, na ukibahatika upate mbasa usifikirie mara mbili. Ni samaki mkubwa wa Ziwa Nyasa anayepanda mitoni msimu wa mvua kwenda kutaga, nyama yake ni tamu lakini wamepungua sana sababu wanavuliwa wakiwa njiani kwenda kuzaa na mito nayo inaharibiwa, kwahiyo ukiletewa vile vidogo vidogo kataa, kula dagaa, wako watamu pia.

Lawama yangu kubwa ni kwa wenye hoteli. Nimelala sehemu moja huko, chini ya dirisha kuna shamba la migomba, na menyu ni chipsi, tambi na kuku wa kisasa, nikiomba ndizi naambiwa hicho chakula cha nyumbani hatuuzi. Nyumbani kwa nani sasa, mimi natoka Dar nimekuja kukifuata hicho hicho! Mnatandika mashuka meupe, mnajenga vibaraza vya kuangalia mlima, halafu chakula cha huo mlima mnakionea aibu mbele ya mgeni. Wekeni ndizi kwenye menyu, muajiri mama mmoja anayejua, wateja tupo na hela tutalipa.

Kama unapanga kwenda, mvua ikikaza Machi na Aprili barabara zinasumbua, kuanzia Mei hivi mpunga unavunwa na unaweza kula mchele mpya. Jitahidi Ijumaa jioni uwe Matema sababu Jumamosi kuna soko Lyulilo, mwendo wa kutembea tu kwa kufuata ufukwe, na akina mama wa Kikisi, kabila la huko kando ya ziwa, wanaleta vyungu vyao vya udongo. Nunua cha maharage, kifunge kwenye kanga, na kwenye basi kipakate mwenyewe, usikubali konda akiweke kwenye buti.