Ankoni wa Kilwa: rafiki mwaminifu au kibaraka?

Huku kwetu Lindi, anayezijua habari za masultani wa Kilwa Kisiwani akimtaja Muhammad Ankoni, mara nyingi humwita kibaraka wa Wareno. Tuhuma hiyo ina msingi. Julai 1505 Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, aliushambulia mji wa Kilwa na kuupora, mtawala wake Amiri Ibrahim akakimbia, kisha Ankoni akavishwa taji la dhahabu ambalo Wareno walikuwa wakimpelekea mfalme wa Cochin kule India. Majirani zake wameporwa, naye anakubali kiti kutoka kwa waporaji. Anayemwita msaliti hamsingizii.

Ila ugomvi huu Wareno waliukuta, tena ulikuwa ndani ya jumba la kifalme. Ibrahim alikuwa amemuua Sultani al-Fudail na kushika nchi kwa cheo cha amiri. Ankoni, tajiri asiye wa ukoo wa masultani, alikuwa rafiki wa marehemu, na ilimbidi aendelee kuishi chini ya mtu aliyemuua rafiki yake. Vasco da Gama alipokuja kudai kodi ya dhahabu mwaka 1502, Ibrahim alimtoa Ankoni awe rehani. Kisha, kwa simulizi za Wareno, akachelewesha malipo makusudi akitumaini kwamba rehani huyo atauawa. Ankoni akajikomboa kwa mali yake mwenyewe. Mtu aliyefanyiwa hivyo na mtawala wake anadaiwa utii gani tena? Mimi siuoni.

Kinachonigusa zaidi ni alilofanya baada ya kutawazwa. Aliomba mrithi wake awe Mikat, mtoto wa al-Fudail, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na watoto. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu alimfaa rafiki aliyekwisha kuzikwa.

Wapo watakaosema ilikuwa hesabu tu. Asiye na nasaba ya kifalme alihitaji jina la al-Fudail ili watu wamkubali. Tena walioiandika habari hii ni Wareno, nao walikuwa na kila sababu ya kumpamba mtu wao. Hoja hizi ni nzito, hasa ya pili. Hata hivyo, kama ni hesabu, ilikuwa ya gharama kubwa mno: aliwanyima wanawe ufalme, jambo ambalo wenye hila hulifanya kwa nadra.

Nyumbani kwake hilo lilipokewaje? Hapo ndipo urafiki wake unapouma, kwa sababu uliwalipisha watu wasioulizwa. Ankoni aliuawa mwaka 1506 kwa njama za upande wa Ibrahim, na wasia wake haukufuatwa mara moja: aliyeshika kiti alikuwa mwanawe, Haji Hassan, aliyetumia mali nyingi kulipiza kisasi cha baba yake. Siwezi kumlaumu kijana huyo. Aliachiwa maiti ya baba, na kiti alichokalia baba alikwisha kukiahidi kwa mtoto wa mwenzake.

Mikat naye alikuja kukipata, lakini hakudumu. Wareno walipoondoka Kilwa mwaka 1512, aliyerudi kutawala ni Ibrahim, muuaji wa al-Fudail.