Maziwa, matufaha na mabaharia wa Kronstadt

Tumezoea kuisoma Shamba la Wanyama, istiari ya George Orwell kuhusu mapinduzi ya Urusi ambamo wanyama wanamfukuza mwenye shamba, Jones, kisha nguruwe wanashika madaraka, kama onyo kwamba mapinduzi yote ni kazi bure: mtawala mpya atakuwa kama wa zamani, basi heri kutulia. Wengine hulaumu nguruwe mmoja tu, Napoleon. Lau mpinzani wake Snowball asingetimuliwa na mbwa wa Napoleon, wanasema, shamba lingenawiri. Nayakataa yote mawili.

George Orwell hakuwa adui wa mapinduzi. Alikwenda Hispania kuipigania jamhuri, akapigwa risasi shingoni mwaka 1937, kisha ikambidi atoroke nchi kwa sababu wanamgambo aliopigana nao walikuwa wakisakwa na wakomunisti waliofuata msimamo wa Moscow. Hadithi aliyoichapisha Agosti 1945 ni ya mtu aliyeumizwa na usaliti.

Usaliti huo ulianza lini? Ukiwauliza wasomaji, watakutajia mauaji ya wanyama pale uani, au siku Boxer, farasi mchapakazi, alipouzwa. Orwell mwenyewe, katika barua kwa Dwight Macdonald, mwandishi wa Marekani, mwishoni mwa 1946, alitaja jambo linaloonekana dogo kabisa: nguruwe kujitengea maziwa na matufaha. Hapohapo akaweka jina moja katika mabano, Kronstadt.

Kronstadt ni ngome ya jeshi la majini katika Ghuba ya Finland, jirani na Petrograd. Mwaka 1917 mabaharia wake walikuwa mstari wa mbele, na Trotsky, mmoja wa viongozi wakuu wa mapinduzi hayo, aliwasifu kuwa fahari ya mapinduzi. Miaka minne baadaye njaa imebana, wakulima wananyang'anywa nafaka, wafanyakazi wa Petrograd wamegoma. Tarehe 28 Februari 1921, mabaharia wa meli ya kivita Petropavlovsk wakapitisha azimio la vipengele 15. Hakuna aliyedai mfalme arudi. Walitaka mabaraza ya wafanyakazi yachaguliwe upya kwa kura ya siri, wafanyakazi na wakulima wawe huru kusema na kuandika, na mgawo wa chakula uwe sawa kwa wote wafanyao kazi, isipokuwa wale wenye kazi za kudhuru afya. Mgawo sawa! Sijui kama kuna mahali pengine ambapo istiari na historia zinagusana karibu kiasi hiki.

Serikali ilijibu kwamba nyuma ya mabaharia yuko Kozlovsky, jenerali wa enzi za mfalme. Katika hadithi, wanyama wanapohoji maziwa, Squealer, nguruwe msemaji wa watawala, huwauliza kama wanataka Jones arudi. Sisi tuliokulia kwenye nchi ambazo mkosoaji huitwa kibaraka wa mabeberu hatuhitaji kufafanuliwa.

Jeshi Jekundu, jeshi la serikali hiyo, likavuka bahari iliyoganda, likiongozwa na Tukhachevsky, na tarehe 18 Machi ngome ikaanguka. Watu wapatao 8,000 walikimbilia Finland juu ya barafu. Katika siku hizohizo mkutano mkuu wa kumi wa Chama cha Kikomunisti, uliokuwa ukikaa Moscow, ulipiga marufuku makundi ndani ya chama. Lenin, kiongozi wa serikali, alikuwa hai, na Stalin, ambaye ndiye Napoleon wa hadithi, alikuwa bado hajawa katibu mkuu wa chama. Kamishna wa vita alikuwa Trotsky, yule ambaye wasomaji wengi humwona na kumpenda ndani ya Snowball. Orwell hakumwachia mwanya: anaeleza wazi kwamba katika suala la maziwa na matufaha nguruwe wote walikubaliana, hata Snowball na Napoleon waliozoea kupingana.

Mwaka 1944 mshairi T. S. Eliot, akiukataa muswada kwa niaba ya Faber, kampuni ya uchapishaji, alitoa hoja kwamba nguruwe ndio wenye akili kuliko wanyama wengine, hivyo ndio wanaofaa kuongoza. Kilichokosekana ni nguruwe wenye moyo wa kuwatumikia wenzao. Mshairi mkubwa, lakini hapa naona alipotoka. Nguruwe mwema naye, akiachiwa ghala bila mtu wa kuhesabu, matufaha yatapungua.

Fortunatus Kawegere aliitoa hadithi hii kwa Kiswahili mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Azimio lile lilikuwa na kifungu kilicholenga maziwa na matufaha moja kwa moja: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 viongozi wa chama tawala, CCM, walikaa Zanzibar, wakayalegeza masharti hayo yaliyowabana wao wenyewe. Huwa nawasikia watu wakibishana nani alikuwa Napoleon wa Tanzania. Mimi ningeanza na kikao kile, na kuuliza ni nani aliyekuwa humo ndani aliyesema hapana.