Mashine ya kupasulia kuni iliyotumika: usihesabu miaka, tazama ilivyolazwa

Mwambie mtu kwamba unataka kununua mashine ya kupasulia kuni iliyokwishatumika, uone atakavyokukunjia uso. Atakuambia unakwenda kununua matatizo ya mwenzako. Kama ni nzima, mbona anaiuza? Swali ni la haki. Ila ukilichunguza utaona limetoka kwenye biashara ya magari, na hapa limebebwa jinsi lilivyo. Kwenye gari, umri na kazi huenda pamoja. Kwenye mashine hii havifuatani hata kidogo.

Tuhesabu. Nyumba inayochoma mita 10 za ujazo za kuni kwa mwaka inachoma kuni nyingi. Tuseme mashine inapasua mita 1 ya ujazo kwa saa, mwendo wa mtu asiye na haraka, anayesimama kupanga kuni na kunywa maji. Hizo ni saa 10 za kazi katika mwaka wenye saa 8,760. Baada ya miaka 10 mashine imefanya kazi saa 100. Ukitaka kuilinganisha na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, saa 100 ni kilomita 5,000. Gari la kilomita 5,000 tungeliita jipya, tena tungegombania. Lakini mashine ya kuni yenye rangi iliyobabuka na tairi moja lililoisha upepo tunaipita tukisema imechakaa.

Imechakaa kwa nini, kama haikufanya kazi? Kwa kulala. Zile saa 8,750 zilizobaki ndizo zinazoiua au kuiponya. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta hukauka ikawa utando wa kunata unaoziba matundu madogo. Mvua hupenya kwenye tangi la oili kupitia kifuniko kibovu, na oili hugeuka rangi ya maziwa. Mipira ya oili huchanika kwa jua. Karibu yote haya hurekebishika kwa bei ndogo: kabureta husafishwa, oili hubadilishwa, mipira hukatwa mipya. Kuna kimoja tu kisichosamehe, nacho ndicho ninachokitazama kabla hata ya kumsalimia mwenye mali vizuri. Ni ile fimbo inayong'aa, inayotoka na kuingia kwenye silinda ikisukumwa na oili ya pampu ili kabari ipasue gogo.

Mwenye mashine makini huirudisha fimbo yote ndani kabla ya kuihifadhi. Mzembe huiacha imetoka nje, inanyeshewa. Utando wa kromu ukianza kuingia vishimo vya kutu, kila fimbo inapopita kwenye sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, vishimo vile huukwangua kama tupa. Hapo utabadilisha sili leo, na baada ya muda mfupi itavuja tena, kwa sababu mgonjwa ni fimbo. Kwa hiyo: zima injini, futa fimbo kwa kitambaa, kisha pitisha ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukinasa, umeshapata jibu, ama la kupunguza bei sana ama la kuondoka. Ukucha ukiteleza, unyevu kidogo wa oili kwenye shingo ya silinda usikutishe. Sili ni kitu cha bei rahisi. Ila usiutafute uvujaji kwa mkono wakati pampu inafanya kazi. Oili yenye presha kubwa hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake linahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Tumia kipande cha boksi.

Kisha kuna namba kubwa zilizobandikwa ubavuni: tani 20, tani 25, tani 30. Hapa mashine mpya na kuukuu hudanganya sawasawa, na mwenye futikamba hadanganyiki. Nguvu ni presha mara eneo la pistoni, basi. Pampu nyingi za mashine hizi hufanya kazi kwenye bar (kipimo cha presha) 170 hadi 210. Chukua 200. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 ina eneo la sentimita 78.5 za mraba, kwa hiyo inasukuma kama tani 16. Ili ifike tani 25 kwa presha hiyo hiyo inahitaji kipenyo cha sentimita 12.5. Pima silinda kwa nje, toa unene wa chuma pande zote mbili, piga hesabu palepale. Muuzaji akikuambia "hii ni tani 30" na silinda yake ni ya sentimita 10, si lazima awe mwongo. Pengine anasoma stika tu. Na tani 16 hupasua magogo mengi ya kawaida. Silinda kubwa kwenye pampu ile ile huenda polepole zaidi, jambo ambalo stika hailisemi.

Nenda na gogo lako. Chagua baya: lenye vifundo, lenye nyuzi zilizosokotana. Kwanza gusa injini. Ikiwa ya moto kabla hujaiona ikiwashwa, mwombe mwenyewe asubiri ipoe, maana injini inayokataa kuwaka baridi huwashwa kabla mgeni hajafika. Ikiwaka, angalia moshi wa bluu usioisha. Weka gogo, vuta kipini, sikiliza. Pampu ya hatua mbili hukimbiza kabari upesi mpaka iguse gogo, halafu sauti ya injini hushuka na kabari huanza kusukuma taratibu kwa nguvu. Badiliko lile ukilisikia, pampu ina afya. Usipolisikia, au pampu ikipiga mluzi mwembamba, inavuta hewa au imechoka. Kabari ikiwa bado imekaza ndani ya gogo, rudisha kipini katikati. Kabari ikirudi nyuma yenyewe, ama sili ya ndani ama valvu inapitisha. Mwisho, pita na tochi kwenye viungio vya boriti, hasa chini ya bamba ambalo gogo huegemea. Ufa wa nywele kwenye weldi, au weldi mpya juu ya weldi ya zamani, ni historia ambayo hukusimuliwa.

Dakika 20, na umeona karibu kila kitu. Ndiyo maana nasema huu si mbuzi kwenye gunia. Mashine yenyewe iko uchi: injini, pampu, silinda, boriti, vyote viko wazi mbele yako.

Wanaopinga wana hoja zao, na mbili ni nzito. Hesabu yangu ya saa 100 ni ya mashine ya nyumbani. Iliyokuwa ikikodishwa, au ya mfanyabiashara wa kuni, hufanya saa 100 kwa wiki chache, mikononi mwa watu ambao mashine si yao. Hiyo nunua tu kama bei yake ni ya vipuri. Ile iliyoundwa na fundi nyuma ya nyumba nayo iogope mpaka uonyeshwe valvu ya kupunguza presha. Bila hiyo, kitakachopasuka kwanza huenda kisiwe gogo.

Ya pili ni usalama. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 609-1 hudai mikono yote miwili ishike vipini ndipo kabari isogee, ili usibaki na mkono wa kuwekea gogo. Huudhi watu. Wapo wanaofunga kipini kimoja kwa waya. Ukikuta alama za waya au mpira wa baiskeli pale, fikiria na mengine ambayo mwenyewe aliyaona usumbufu.

Dhamana ya mashine mpya nayo ina thamani, sikatai, hasa kwa asiyejua kushika spana. Lakini anayepasua mita 2 za ujazo kwa mwaka, za mti wenye nyuzi zilizonyooka, hahitaji mpya wala kuukuu. Shoka zito na asubuhi chache zinamtosha, au akodi siku moja. Kuanzia mita 5 au 6 kwenda juu, na mgongo ukishaanza kulalamika, mimi ningeitafuta ile iliyolala bandani, pakavu, fimbo ikiwa ndani, hata kama rangi imekwisha yote na kamba ya kuwashia imefungwa fundo.